Sura ya 6: Chumba Kinachomeza Maneno

Kampuni ikiamua kutengeneza chumba cha mikutano, fedha hutoka kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza meza ndefu inayong'aa. Kisha viti vya kuzunguka, televisheni ya inchi 75, na ukuta wa kioo ili wapitao waone kazi inafanyika. Mwisho kabisa, bajeti ikiwa imebaki chenji, hununuliwa kifaa cha duara cha kuweka katikati ya meza, na wote hutumaini kwamba hicho ndicho kitakachofikisha sauti za watu wanane Mwanza, Kisumu au Dubai. Mwezi haujaisha malalamiko yanaanza. "Tunawasikia kwa mbali." "Hebu rudia, Mama, sijakupata." "Samahani, anayeongea ni nani?" Fundi wa TEHAMA anaitwa, analaumu mtandao, anapendekeza kifaa cha bei kubwa zaidi. Kinaletwa. Malalamiko yanabaki yale yale.

Yanabaki kwa sababu ugonjwa uko kwenye dari, sakafu na kuta, na dawa imenunuliwa ya kuweka mezani. Sura hii inapendekeza mpangilio wa matumizi upinduliwe: chumba kwanza, umbali kati ya mdomo na maikrofoni pili, kifaa mwisho. Tena inapendekeza hukumu ya mwisho isitolewe na walioketi chumbani, kwa sababu tutakayoiona hatua kwa hatua.

Mito ya viti ya Harvard

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ndani ya jumba la sanaa la Fogg, na ukumbi huo haukufaa kwa mihadhara. Neno likitamkwa, mabaki yake yaliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5. Katika muda huo mzungumzaji wa kawaida ameshatamka maneno mengine kumi au zaidi, na yote yanapandana, kama ukurasa ulioandikwa mistari mipya juu ya mistari ya zamani. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi kazi ya kuurekebisha mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine.

Sabine alikuwa na vifaa vichache: bomba la kinanda lililotoa sauti ya kiwango kimoja, saa ya kupimia muda, na masikio yake. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umetulia. Pamoja na wasaidizi wake alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, akaipanga ukumbini michache michache, na kila mara akapima sauti inachukua muda gani kufifia hadi isisikike. Mito ilipoongezeka, muda ulipungua. Ukumbi ulipojaa mito, zile sekunde tano na nusu zilikuwa zimeshuka hadi sekunde moja na kidogo. Aligundua hata nguo alizovaa zilibadilisha vipimo, akatupa maelfu ya vipimo vya awali na kuanza upya akiwa na mavazi yale yale kila usiku.

Katika usiku huo mwingi ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo. Muda wa mvumo, yaani muda ambao sauti inachukua kufifia chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza, hutegemea mambo mawili tu: ukubwa wa chumba na kiasi cha sauti kinachofyonzwa na vilivyomo. Zidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji, utapata sekunde. Kipimo cha ufyonzaji alikichukua kwenye dirisha: mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi hufyonza sauti yote inayolifikia, kwa kuwa inatoka nje na hairudi. Kitu kingine chochote hulinganishwa na dirisha hilo. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulisanifiwa kwa hesabu hizo.

Hesabu ya chumba chetu

Sasa tuichukue kanuni ya Sabine na kuipeleka kwenye ghorofa yoyote mpya ya Dar es Salaam au Nairobi. Chukua chumba cha watu wanane: urefu mita 6, upana mita 4, kimo mita 3. Ujazo wake ni mita 72 za ujazo. Sakafu ni ya marumaru, kuta ni za tofali zilizopigwa lipu na kupakwa rangi, upande mmoja ni kioo, dari ni jipsamu laini. Vyote hivyo vinapendwa kwa sababu havishiki vumbi na hupigwa deki haraka, na vyote hurudisha sauti karibu yote. Kwa wastani hufyonza kama asilimia 5 tu ya sauti ya mtu inayovigonga. Eneo lote la ndani, sakafu, dari na kuta, ni mita za mraba 108. Asilimia 5 yake ni 5.4. Kwa maneno ya Sabine, chumba kizima kina dirisha wazi la mita tano na ushee za mraba, basi.

Fanya hesabu: mvumo wa chumba kikiwa kitupu ni sekunde 2.1. Watu wanane wakiketi, miili na nguo zao zinaongeza ufyonzaji wa takriban nusu mita ya mraba kwa kila mmoja, na mvumo unashuka hadi sekunde 1.2 hivi. Kwa kulinganisha, kiwango cha Marekani cha madarasa kilichotolewa mwaka 2002 hakiruhusu mvumo uzidi sekunde 0.6 katika darasa la kawaida lisilo na watu. Chumba chetu kimezidisha kiwango hicho mara tatu na zaidi, na hakuna aliyefanya kosa la ujenzi. Kimejengwa vizuri, ila kimejengwa kwa ajili ya macho na ufagio.

Ili kufikia sekunde 0.6 tunahitaji ufyonzaji wa mita za mraba 19. Njia fupi kuliko zote iko juu ya vichwa vyetu. Ondoa jipsamu laini, weka vile vibao vyepesi vya nyuzi za madini vinavyokaa juu ya fremu za aluminiamu. Vilivyo vizuri hufyonza asilimia 70 au zaidi ya sauti ya mazungumzo. Mita 24 za mraba za dari hiyo zinatoa karibu 17; kuta na sakafu zinaongeza nne. Jumla 21, na mvumo unakuwa sekunde 0.55. Kazi imekwisha kabla ya kugusa kifaa chochote cha umeme.

Penye dari isiyoweza kubadilishwa, kama katika nyumba ya kupanga, kazi huhamia ukutani. Vibao vya pamba ya mawe vilivyovishwa kitambaa hufanya kazi nzuri, mradi viwe vinene. Kibao cha sentimita 5 kikiachiwa nafasi ya sentimita 5 nyuma yake hufyonza sauti nzito vizuri zaidi kuliko kikigandishwa moja kwa moja ukutani. Viwekwe usawa wa vichwa vya watu walioketi, na kwenye kuta mbili zinazopakana. Kuta mbili zinazotazamana zikiachwa tupu zote, sauti itachezewa baina yake kama mpira. Piga kofi moja katikati na utasikia mlio wa haraka haraka unaotetema. Pazia zito husaidia pia, lakini likunjwe kwa wingi na lining'inie mbali kidogo na kioo. Pazia jembamba lililonyooshwa ni pambo.

Zulia linahitaji tahadhari. Wengi hulikimbilia kwa kuwa linaonekana laini, na kweli hufyonza sauti nyembamba, zile za s, f na sh. Sauti nzito linaziacha zipite na kurudi. Chumba chenye zulia bila kitu kingine hupoteza makali ya konsonanti na kubaki na ngurumo za irabu, na ufahamikaji wa maneno unaweza usiongezeke hata kidogo.

Kwa Kiswahili jambo hili ni zito. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu na ndizo zinazodumu chumbani. Konsonanti inayofuata inazaliwa ndani ya mabaki ya irabu iliyotangulia. Sasa fikiria sentensi mbili katika kikao cha fedha: "Mteja atalipa Ijumaa" na "Mteja hatalipa Ijumaa". Kinachozitenganisha ni pumzi ya h, sauti dhaifu mno, nayo imekuja mara baada ya irabu ya neno "mteja". Mvumo ukiwa mrefu, ukubali na ukanushi husikika sawa, na katibu ataandika kumbukumbu kwa kubahatisha.

Hata hivyo, sauti inayorudi si ya kufukuzwa yote. Mwaka 1949 Helmut Haas, katika utafiti wake wa udaktari huko Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwamba sauti iliyogonga ukuta ikimfikia msikilizaji ndani ya takriban milisekunde 30 baada ya ile ya moja kwa moja, sikio huziunganisha na kuzisikia kuwa moja yenye nguvu zaidi. Wajenzi wa misikiti walinufaika na kurudi kwa sauti tangu zamani: imamu akiwa ameelekea kibla na kuwapa maamuma mgongo, mbonyeo wa mihirabu huirudisha sauti yake nyuma kwa safu. Katika ukumbi mrefu wa mikutano, basi, ni busara kuacha sehemu ya dari iliyo juu ya meza iwe ngumu ili isaidie kusambaza sauti, na kuweka vibao vya kufyonza pembeni kuizunguka. Katika chumba kidogo kama chetu hakuna haja hiyo. Funika dari yote.

Kwa nini waliomo hawaoni tatizo

Meneja akiambiwa chumba kina sauti mbaya hushangaa. "Mbona sisi humu tunasikilizana vizuri tu?" Anasema kweli. Binadamu ana masikio mawili, na ubongo hulinganisha kilichofika kulia na kilichofika kushoto ili kuchagua sauti moja na kuzidharau nyingine. Mtafiti Colin Cherry, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1953, alichunguza jinsi mtu anavyoweza kufuata mzungumzaji mmoja katikati ya wengi. Aliyeketi chumbani hugeuza kichwa, husoma midomo, huona nani ameinua mkono. Kwa msaada huo wote hata mvumo wa zaidi ya sekunde moja unavumilika, ingawa jioni atatoka amechoka bila kujua kilichomchosha.

Aliye upande wa pili wa simu hana msaada huo. Sauti zote za chumba zimekusanywa, zikapitishwa kwenye njia moja, zikamfikia zimechanganyika. Mvumo na maneno vinatoka sehemu ile ile, kwa hiyo ubongo wake hauna la kulinganisha. Na kama ameunganishwa kwa simu ya kawaida ya zamani, njia yenyewe hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu, wakati sehemu kubwa ya sauti ya s au f iko juu ya hapo. Yeye ndiye anayelipia marumaru zetu. Wanaoumia zaidi ni wenye usikivu uliopungua, wanaofuata kikao kwa lugha yao ya pili au ya tatu, na wale ambao wazungumzaji wao wana sauti ndogo. Mara nyingi hawalalamiki. Wananyamaza, na kunyamaza kwao kunaandikwa kuwa kukubali.

Umbali hauna mbadala

Sauti ikisafiri mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua desibeli 6. Kutoka nusu mita hadi mita mbili ni maradufu mara mbili: desibeli 12, yaani nguvu imebaki moja ya kumi na sita. Mvumo wenyewe haupungui hivyo. Umejaa chumba kizima karibu sawasawa. Kwa hiyo kila chumba kina umbali ambapo sauti ya moja kwa moja na mvumo vinalingana, na ukivuka hapo mvumo ndio unaotawala. Katika chumba chetu cha marumaru, watu wakiwa wameketi, umbali huo ni kama sentimita 60 kutoka mdomoni. Baada ya kuweka dari mpya unakaribia mita moja.

Namba hizo mbili zinaeleza karibu kila kikao kinachoharibika. Aliyeketi kichwani mwa meza ya mita tatu na nusu yuko karibu mita mbili kutoka kwenye kifaa cha katikati. Maikrofoni haimsikii yeye. Inakisikia chumba kikimzungumzia. Maikrofoni inayoelekezwa upande mmoja husogeza mpaka huo mbali kwa takriban mara 1.7, na zile za darini zenye vinasa vingi vinavyolenga mzungumzaji husaidia zaidi, lakini hazifuti sheria. Dawa ni kusogea. Meza fupi na pana hushinda ndefu na nyembamba. Vifaa viwili vya mezani vilivyotengenezwa kuunganishwa pamoja hushinda kimoja cha ghali. Katika kikao rasmi, maikrofoni ya shingo ndefu kwa kila watu wawili, sentimita 40 kutoka mdomoni, hutoa sauti ambayo hakuna programu itakayoifikia.

Lakini zisiwe wazi zote kwa pamoja. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, kelele ya chumba inayoingia huongezeka desibeli 3. Ndiyo sababu mitambo mizuri hufungua ya anayezungumza na kuzibana zilizobaki.

Kiyoyozi, mlango na jenereta

Mtu anayezungumza kwa utulivu hutoa sauti ya desibeli 60 hivi kwa aliye mita moja mbele yake. Ili asikike bila jitihada, kelele inapaswa kuwa chini ya sauti yake kwa takriban desibeli 15. Kile kiwango cha madarasa kinataka kelele isizidi 35. Kiyoyozi cha ukutani kikiwa kwenye mwendo wa juu, feni ya projekta na jenereta ya jirani huvuka mpaka huo kwa urahisi. Kisha linaingia jambo ambalo daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Wa kwanza akipaza, wa pili hupaza zaidi, na saa moja baadaye kikao kinafanana na stendi.

Katika miji ya joto kiyoyozi hakizimwi. Kinachowezekana ni kukipoza chumba mapema, robo saa kabla ya kikao, kisha kukiweka kiyoyozi kwenye mwendo mdogo. Kukihudumia ili kisitetemeke. Na kutokuweka maikrofoni mahali kinapopulizia.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Vibao vya kufyonza hutuliza sauti iliyo ndani. Havizuii ya nje kuingia wala siri za bodi kutoka. Kuzuia ni kazi ya uzito na ya kuziba nyufa. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungejengwa kwa zege. Kwa hiyo mpira wa kuziba chini ya mlango, wa bei ndogo, unaweza kuleta nafuu kuliko mlango mpya. Angalia pia juu ya dari: katika ofisi nyingi zilizogawanywa baadaye, ukuta wa kugawa huishia kwenye dari bandia, na sauti hupita juu yake kwenda chumba cha pili pasipo kizuizi.

Onyo kuhusu sponji

Atatokea wa kupendekeza trei za mayai au sponji ya magodoro. Trei ni karatasi nyepesi; hufyonza kidogo na huzuia karibu na sifuri. Sponji ya kawaida hufyonza kiasi, lakini inaua. Mnamo Februari 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kutuliza sauti, na watu 100 walikufa. Januari 2013 kisa cha aina hiyo hiyo kilitokea katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili. Waliokufa ni 242. Moshi wa sponji hiyo una sumu na moto wake hukimbia kuliko watu. Pamba ya mawe haiwaki. Hata kwa kitambaa cha kuivisha, muulize muuzaji cheti cha kustahimili moto, na asipokuwa nacho, ondoka.

Kifaa, mwisho kabisa

Chumba kikishatulia na watu wakishasogea, kifaa cha bei ya kati kitatosha. Kinachobaki ni kuelewa kazi yake ngumu kuliko zote: kuzuia sauti ya aliye mbali, inayotoka kwenye spika ya chumbani, isiingie tena kwenye maikrofoni na kumrudia mwenyewe. Watafiti wa Bell Labs, akiwemo Mohan Sondhi, walibuni katika miaka ya 1960 njia ya kuutambua mwangwi huo na kuutoa. Mtambo hujifunza jinsi chumba kinavyorudisha sauti, kisha huondoa makadirio hayo. Mvumo ukiwa mrefu, mtambo una mengi ya kukadiria na hukosea. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja, huchanganyikiwa na kukata maneno. Hata hapa, basi, dari ndiyo inayokisaidia kifaa.

Hatua zifuatazo hazihitaji hata shilingi. Chumba kimoja kiwe na maikrofoni na spika za mtambo mmoja. Kompyuta ya pili ikiingia kwenye mkutano ule ule, izimwe spika na maiki, vyote viwili, la sivyo mtasikia mlio. Spika iwekwe karibu na skrini, mbali na maikrofoni. Simu na sahani za chai zisigongwe kwenye meza iliyobeba maikrofoni. Mwenyekiti ataje jina kabla ya kutoa nafasi, na asubiri kidogo: umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, unashauri ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, lakini mtandao hauutii ushauri kila siku, na aliye mbali hukatiza wengine bila kujua.

Jinsi ya kupokea kazi

Mkandarasi akimaliza, kawaida mkurugenzi huingia chumbani, huketi, husema "moja, mbili, moja, mbili", hutabasamu na kutia saini. Tumeona kwa nini ushahidi wake haufai: ana masikio mawili, anamwona anayezungumza, na yuko karibu. Andika ndani ya mkataba jaribio jingine. Mtu mmoja aketi kwenye kila kiti, kwa zamu, na kusoma kwa sauti ya kawaida orodha ya maneno yasiyotabirika: majina ya watu, namba, vitenzi vyenye ukanushi. Kiyoyozi kiwe kimewashwa na mlango umefungwa. Mwingine, aliye mji mwingine na asiyeiona orodha, aandike anachosikia. Kisha linganisheni karatasi mbili, kiti kwa kiti. Kiti kitakachokosea mara nyingi kitawaonyesha pa kuongeza kibao au kusogeza maikrofoni, na malipo ya mwisho yasubiri hadi karatasi zilingane.

Mwandishi wa karatasi ile ya pili asiwe ofisa wa TEHAMA anayelijua kila jina la kampuni. Mchagueni mhasibu wa tawi la mbali, yule ambaye huwa hasemi kitu mkutanoni. Na ikiwa baada ya matengenezo ataanza kuuliza maswali na kupinga hoja, msimwone amebadilika tabia. Huenda tangu mwanzo alikuwa na la kusema, ila hakuwa na hakika mmesema nini.